Nilivyorudi darasani na miaka sitini kujifunza filamu, nikakwamishwa na salamu

Wakuu, salaam aleikum. Wasiotumia salamu hiyo, hamjambo.

Mimi ni mzee wa Kwale, upande wa kusini huku. Nimeezeka mapaa ya makuti tangu hoteli za Diani zikihesabika kwa vidole. Darasa la tatu ndipo nilipoishia na sijapata kulificha. Hiki mnachosoma nimekiandika kwa kidole kimoja siku tatu, kwa hiyo anayekuja kunisahihisha herufi apitilize aende uzi mwingine.

Ninayoyasema yamenipata mimi mwenyewe. Palipo na aibu yangu nimeiacha pale pale.

Iko hivi.

Mwaka juzi nilimaliza paa la hoteli moja pale Diani. Paa kubwa, la ukumbi. Boriti nilizichagua mwenyewe moja moja, makuti yalishonwa na dada yangu na wanawake wenzake, hakuna tone linalopita. Siku ya mwisho akaja kijana na kamera kupiga video ya matangazo. Nami nikajisogeza nisimame chini ya kazi yangu.

Akaniambia, "Mzee, toka kidogo hapo, unaharibu frame."

Mimi. Ninaharibu frame. Chini ya paa nililoliezeka mimi.

Sikumjibu, na wanaonijua wanajua kwamba hilo si la kawaida. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, hiyo frame ni kitu gani, nataka nikijue. Akaniambia nile kwanza.

Kuna chuo cha ufundi upande wa Msambweni. Jina naliacha, hapa si mahali pa kutangaza. Wana kozi ya miezi sita ya media na filamu. Unafundishwa kamera, sauti, kuhoji watu, ku-edit, na mwisho kila mwanafunzi anatoa filamu yake ya dakika tano. Ikipita, unapewa cheti. Isipopita, unakwenda nyumbani na kumbukumbu.

Hapa nisimame kidogo nieleze habari ya hiki cheti, maana ndicho chenyewe.

Nimesomesha watoto wanne. Vyeti vyao nimevitundika sebuleni mimi mwenyewe, kwa misumari yangu. Ukuta umejaa majina. Langu halimo. Nina kitambulisho, nina leseni ya biashara, lakini karatasi inayosema kwamba mtu huyu alikaa chini akafundishwa jambo akalijua, sina. Nilipofika miaka sitini nikajisemea, nitakufa sina. Msinicheke. Mwenye vyeti vitano hajui ukuta unavyokutazama ukiwa huna hata kimoja.

Basi nikaenda.

Siku ya kwanza naingia darasani, wanafunzi wote wakasimama, "Shikamoo." Wamedhani ni mkaguzi. Mwalimu mwenyewe ni binti wa bara, umri wa kitinda mimba wangu. Nitamwita Mwalimu Nyambura, si jina lake. Akanikaribisha vizuri, akaniuliza, "Mzee wangu, umemfuata nani?"

Nikamwambia, "Nimekufuata wewe. Nimekuja kusoma."

Halafu binti mmoja wa nyuma akasogea kwenye benchi, akapangusa vumbi kwa leso yake, akasema, "Babu, njoo ukae huku, kuna feni." Huyo ndiye Riziki, wa Msambweni hapo hapo, miaka ishirini. Tangu siku ile tulikaa benchi moja mpaka mwisho. Notsi zote zilikuwa za Kiingereza. Alikuwa ananisomea kwa sauti ya chini, nami namweleza maana yake, kwa sababu maneno ni yake lakini kazi nyingi nilikuwa nimeshazifanya bila kujua majina yake.

Mtashangaa. Nawapa mfano.

Mwalimu alifundisha storyboard. Kwamba kabla hujapiga filamu unachora kila shot kwenye karatasi, hii itatoka hapa, ile itatoka pale. Vijana wakaona ni adhabu. Mimi nimechora mapaa kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji miaka arobaini. Nikachukua karatasi nikachora. Mwalimu akaizungusha darasa zima.

Halafu kamera kukaa sawa. Vijana wale, bahari yao yote imemwagika upande mmoja. Mimi jicho langu limezoea pima maji. Siku nzima ufukweni, shot zangu zote bahari imelala kama meza. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, nasema kweli. Nikafika hata kumrekebisha mwalimu jinsi ya kufunga miguu ya tripod. Akanishukuru. Sasa ndiyo naona alikuwa mtu mstahimilivu.

Kompyuta ilinitesa, sitasema uongo. Kipanya kile kilikuwa kinanitoroka. Lakini Riziki alinifundisha, nikazoea kukata na kuunga, kwa vidole hivi mnavyovijua.

Mwezi wa tano tukaambiwa tuchague filamu ya mwisho. Masharti mawili. Mtu wa kweli akiwa kazini kwake, akizungumza. Na sauti iwe safi. Mwalimu alilirudia la pili, akasema filamu yenye sauti chafu haifiki hata mezani pa mtahini.

Nikamchagua dada yangu mkubwa, Bi Mwanamisi. Ana miaka sabini na kitu na anashona makuti bandani kwake tangu hajaolewa. Anachukua majani ya mnazi, anayakunja kwenye ufito, anayashona kwa ukamba, kuti moja limekwisha wewe hujamaliza kupiga chafya. Mapaa yangu yote mnayoyaona Diani, chini yake iko mikono ya huyu mwanamke.

Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika ubavu.

"We mtoto. Wewe uliyetoroka shule kwa dirishani, leo unanishikia mimi kamera?"

Nikamwambia, "Dada, nataka cheti."

Akaacha kucheka. Akasema, "Njoo asubuhi. Na ulete sukari."

Tukaenda na Riziki. Yeye kashika maiki ya mti mrefu, mimi kamera. Banda la dada liko kando ya njia. Njia hiyo ndiyo ya kisimani, ya msikitini, ya shambani, ya kwenda kupanda gari. Nikapanga kila kitu, nikasema action kama nilivyofundishwa. Dada akaanza kueleza alivyofundishwa kushona na marehemu mama yetu, na mimi nimeinama mbele nisikose neno, maana nilikuwa sijapata kuyasikia yale.

Akapita mtu. "Salaam aleikum!"

"Waaleikum salaam!" Nani aliyejibu? Mimi. Kwa sauti ile ile ninayowaitia mafundi walio juu ya paa.

Riziki akasema, "Babu, tuanze tena." Tukaanza tena. Akapita mwingine. Nikajibu tena. Ikawa hivyo asubuhi nzima, na mimi wala sijioni. Wakuu, niseme nini, salamu ukipewa unaijibu. Nimelelewa hivyo. Mtu akikusalimia ukamkalia kimya umemkata uso, na Mungu anakuona.

Tukapeleka chuoni. Mwalimu Nyambura akavaa headphone, akasikiliza, akawa anahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, halafu wa pili, halafu akaacha kuhesabu. Akazivua.

"Mzee wangu, picha zako ni nzuri kuliko za wote. Lakini wewe umo katika kila take. Nikikata sauti yako namkata na dada. Hii haiwezi kwenda."

"Mwalimu, ni salamu."

"Najua ni salamu. Una siku nane."

Siku nane. Miezi sita inaning'inia kwenye siku nane.

Sasa mpate upumbavu wangu. Mimi ni msimamizi wa kazi, nimezoea kwamba jambo likikukwaza unaliondoa. Nikasema, kama watu wanasalimia, basi watu wasipite. Siku ya pili nikafika na mpwa wangu mtu mzima, nikamweka mwanzo wa njia. Nikamwambia, kila anayekuja mwambie kwa adabu azunguke nyuma, na asisalimie, apite kimya, kuna jambo kwa Bi Mwanamisi.

Ndivyo nilivyosema. Kuna jambo kwa Bi Mwanamisi.

Tukapiga kazi. Kimya, raha. Maiki inasikia hata ukamba unavyopita kwenye jani. Ila dada mwenyewe alikuwa kama amemeza jiwe. Anajibu neno moja moja, macho njiani. Ananiambia, "Mbona leo hapapiti mtu? Kumetokea nini?" Namwambia, "Dada, endelea, endelea."

Ilipokaribia alasiri nikaona wanawake watatu wanakuja kutoka nyuma ya nyumba, polepole, leso kichwani, wameinamisha nyuso. Nyuma yao wengine wanne. Wa mbele amebeba sufuria. Hakuna anayesema neno. Wakafika kwenye kona ya banda.

Na Bi Mwanamisi ameketi pale na kuti lake magotini, hai.

Huyo wa mbele, Bi Fatuma, jirani wa dada, akapiga ukelele akaangusha sufuria. Wali wote mchangani. "Mwanamisi! Si tumeambiwa..."

"Mmeambiwa nini?"

"Njia imefungwa! Watu hawasalimiani! Tumeambiwa kuna jambo kwako!"

Wakuu, kwetu njia ikifungwa na watu wakapita kimya mbele ya nyumba, hiyo ni nyumba ya msiba. Nimezaliwa hapo, nimekulia hapo, na halikunijia akilini hata kidogo. Habari ilikuwa imeshafika msikitini, watu wameshaulizana nani amekwenda kuchimba kaburi.

Mmoja alikuwa analia kweli, na hata alipomwona dada mzima hakuweza kunyamaza, akawa analia na kumpiga mgongoni, "Umenitisha wee, umenitisha." Riziki aliweka maiki chini akaenda kusaidia kuokota wali.

Dada akasimama. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeshukuru.

"Fungasha hilo dude lako, we mtoto. Umenizika mchana kweupe."

Nilizunguka nyumba moja moja jioni ile nikiomba radhi. Mzee mmoja wa makamo yangu, tumecheza wote utotoni, aliniambia mlangoni, "Asubuhi nimepita hapo mpwa wako kanizuia nisisalimie. Nikawaza, nimemkosea nini mwenzangu?" Hilo liliniingia kuliko ya dada.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba basi, cheti naacha. Akaniuliza kama kamera ni ya chuo. Nikasema ndiyo. Akasema, basi uirudishe kwa heshima, usiitume na mtu.

(Naona kuna mmoja ameshauliza kwa nini sikuhamisha tu dada tukampigie filamu ndani. Kijana, ndani ya nyumba hakuna jua, na mtu anayeshona makuti chumbani ni mwigizaji. Sharti lilikuwa kazini kwake. Soma taratibu.)

Siku ya sita nilikwenda kwa dada peke yangu. Kamera sikuibeba, ilikuwa bado nyumbani inangoja kurudishwa. Nilikwenda kumwomba radhi kwa mara ya tatu. Nikamkuta anashona, nikakaa kwenye ukingo wa banda. Hakunitazama.

Akapita mtu, "Salaam aleikum." Nikafungua kinywa.

Dada akainua kidole kimoja, hivi. Nikanyamaza. Akajibu yeye. "Waaleikum salaam, Mwinyi. Mguu?" Yule akasema mguu umepungua. "Usiache kuuchua." Akapita.

Kisha akaniambia, na haya ni maneno yake, "Madrasa pia ulitoroka kwa dirishani? Watu wakisalimiwa kumi akajibu mmoja, wote wamejibu. Umemaliza. Tena salamu hizo wananipa mimi, hapa ni kwangu. Nani kakuambia kila neno linalosemwa duniani ujibu wewe?"

Nikakaa pale.

Wakuu, hilo nililifundishwa nikiwa mtoto na nililijua. Ila miaka arobaini ya kuwa mkubwa wa kazi, kila kinachosemwa chini ya paa kinajibiwa na mimi. Fundi akiuliza, mimi. Mteja akiuliza, mimi. Hata kwenye harusi za watoto wangu nilikuwa najibu maswali ya shehe. Nilidhani nimeharibiwa kazi na wapita njia. Wapita njia hawakuwa na kosa lolote. Sauti chafu ilikuwa yangu.

Nikamwambia, "Dada, nikija kesho nikakaa kimya?"

Akasema, "Utaweza?"

"Sijui."

"Haya, njoo tuone kioja."

Siku ya saba tukarudi na Riziki. Njia wazi. Nikaweka kamera, nikafunga miguu, nikakaa nyuma yake nikauma ncha ya kofia yangu. Saa tatu nzima. Kila salamu ilipotoka koo langu lilipanda na kushuka. Riziki ananitazama machozi yanamtoka kwa kicheko, na hawezi kutoa sauti kwa sababu ya maiki.

Na dada akafunguka. Anashona, anazungumza, anapita mtu, anamjibu, anamuuliza kama mtoto ameacha kukohoa, anarudi kwenye mazungumzo pale pale alipoyaacha kama mtu aliyeshika alama ya kitabu. Akasimulia siku mama alipomshika mikono akamwambia kuti bovu utalijua mvua ikinyesha kwa mwenzio. Akapita Bi Fatuma, akasema, "Mwanamisi, leo uko hai?" Dada akasema, "Leo niko, njoo kesho na sufuria." Mkono haukusimama hata mara moja.

Nikajua nimeipata. Nikajua pia kwamba sauti ile bado si safi, kwa sheria ya darasa. Imejaa watu.

Siku ya nane nikakaa mbele ya Mwalimu Nyambura. Akavaa headphone. Mimi nikatazama ukuta, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kutazama ukuta bila kusema. Alitazama mpaka mwisho. Akarudisha nyuma. Akatazama tena mahali pamoja. Akanigeukia.

"Huyu mwenye mguu ni nani? Amepona?"

Nikamwambia ni Mwinyi, na anaendelea.

Akasema, "Wewe sikusikii popote."

"Nipo. Nimekaa nyuma ya kamera."

"Punguza nusu dakika pale mwanzo, hao wapita njia waache, halafu ulete."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikumuuliza. Nilitoka nje nikamtafuta Riziki tukapunguze.

Siku ya kuonyesha filamu, chuo kiliita wazazi. Wengine walileta mama zao, mimi nilileta mke wangu na dada yangu. Dada alikaa mbele kabisa, buibui jipya, kama yeye ndiye mtahini. Filamu za vijana zikapita, nzuri, ya Riziki ilikuwa ya wanawake wa mwani kule Kibuyuni na ilinipendeza kuliko yangu, nasema bila kinyongo. Kinyongo kidogo.

Kisha yangu. Dada kwenye ukuta, mkubwa kama nyumba, anashona.

Kwenye filamu akapita mtu. "Salaam aleikum!"

Na ukumbi mzima, wakuu, wazazi, wanafunzi, mlinzi pale mlangoni, wote kwa pamoja: "Waaleikum salaam!"

Hakuna aliyewaambia. Imewatoka. Mwalimu Nyambura mwenyewe, binti wa bara, nilimwona midomo yake.

Kikafuata kicheko, halafu dada akageuka nyuma gizani, akasema kwa sauti yake, "Mimi nimeshajibu pale! Nyinyi mnajibu nini?"

Mimi sikujibu. Ukumbi wote ulijibu isipokuwa mimi, na sijapata kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe.

Cheti nimekipata. Kimeandikwa Pass, Riziki kapata Distinction, na nimeshauliza mara mbili kama kuna rufaa. Hakuna. Jina langu ni la Kiarabu, lina herufi nyingi, na nililisoma mwenyewe, polepole, nikiwa nimesimama. Nimekitundika sebuleni kwa msumari wangu, sawasawa, kwa pima maji. Mke wangu anasema nimekiweka juu sana. Kitakaa hapo hapo.

Sasa hivi kila paa ninaloliezeka nalipiga filamu mwenyewe, na mafundi wangu wote wamo ndani, na nguo zao za kazi.

Nilichojifunza ni kifupi. Nilikwenda kujifunza kamera nikadhani kazi ni kutazama. Kutazama nilikuwa naweza tangu zamani. Kilichonishinda ni kunyamaza mtu mwingine azungumze, na kilinigharimu miezi sita na wali wa Bi Fatuma kukijua. Kama kuna chuo kinachokufundisha hilo kwa njia ya mkato, nielekezeni, kuna watu wawili nataka kuwapeleka.

Wa makamo yangu mnaoona haya kukaa benchi moja na wajukuu, semeni hapa chini ni nini hasa kinachowazuia. Nanyi vijana wa kamera, mwenye dawa ya upepo wa pwani kwenye maiki aiseme, maana Riziki ameshindwa na mimi pia.

Andikeni. Safari hii nasoma kwanza mpaka mwisho.